Kuku wa Nesi Somoe na Baridi ya Nyarero

Jumanne, tarehe nane Julai mwaka huu, nikiwa nafungulia kuku, simu ililia kutoka Lindi, nikaambiwa Nesi Somoe amefariki. Aliyepiga ni binti yake. Alisema mama ameondoka alfajiri na atazikwa alasiri, kwa hiyo nisihangaike na safari, maana kwa Waislamu maiti hacheleweshwi, na kutoka Tarime mpaka Lindi ni kuikata nchi nzima. Nilimpa pole, nikamalizia kumwaga maji kwenye vyombo vya kuku, halafu nikakaa kibarazani. Jirani yangu aliponiona nimekaa wakati wa kwenda shamba alikuja kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia. "Ni ndugu yako?" Hapana. "Ni mkwe?" Hapana. "Sasa ni nani?" Nikasema, niliishi naye. Alitikisa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu, akakaa nami kidogo kwa heshima, akaenda zake. Sikumlaumu. Hata mimi sina neno la kumwita Nesi Somoe. Hakuwa mama, hakuwa dada ingawa nilimwita Dada, na kumwita tajiri wangu ingekuwa kumtukana. Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu mwaka ule niliokaa naye Nyarero, kijiji cha milimani hapa Tarime. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nitaandika kama nilivyoona.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Bhoke, mjane aliyekuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mbele kulikuwa na vyumba viwili vya bati ambavyo Nesi alipanga, na nyuma kulikuwa na jiko kubwa la nyasi ambamo Bibi alipika, alipokea wageni na alilala, pamoja na mbuzi mmoja na kuku wake wa kienyeji waliopanda juu ya kuni jioni kila mmoja na nafasi yake. Jiko lile lilikuwa na moshi usioisha. Ukiingia unatokwa machozi kwanza, ndipo unasalimia. Lakini lilikuwa na joto, na mpaka leo nikinusa moshi wa kuni mbichi na mavi ya mbuzi, najisikia nimefika kwa watu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka Nata kule Serengeti, chini kwenye jua, kuja kumsaidia Nesi kazi za nyumbani. Baba aliniruhusu kwa sharti moja: siku nesi akihama, nirudi nikaolewe, maana kuna watu walishafika nyumbani kuzungumza. Mwanaume mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja, kwa nyuma, akinywa maji. Sharti hilo sikumwambia Nesi. Nilimwambia Bibi Bhoke kwa sababu aliniuliza, na Bibi akiuliza hakuachii mpaka umejibu.

Watu wa mbali wakisikia Mara wanafikiria ziwa na jua. Nyarero mwezi wa sita ni habari nyingine. Ukungu unakaa kwenye migomba mpaka saa nne asubuhi, nguo iliyofuliwa Jumatatu inakauka Alhamisi, na upepo wa mlimani unapita chini ya mlango kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Nesi Somoe alivaa sare yake ya zahanati, juu ya sare sweta, juu ya sweta koti la marehemu mume wa Bibi, na kichwani kofia ya sufu kisha ushungi juu yake. Wagonjwa walimtambua kwa viatu. Jioni nilimchemshia maji, tukayajaza kwenye chupa za soda, tukazivika soksi, akalala nazo kama mtu aliyelala na watoto wachanga. "Kwetu Lindi," alikuwa akisema, "baridi tunaisikia kwenye redio tu." Bibi Bhoke alicheka sana. Yeye alitoka nje asubuhi miguu mitupu, akakanyaga umande kama hauoni.

Kuku wa Nesi walikuja mwishoni mwa mwezi wa tano. Aliwapata Musoma alikokwenda kwenye semina: mitetea weupe, wale walioitwa kuku wa kizungu, na jogoo mmoja mweupe mwenye kilemba chekundu kikubwa kilichomwangukia jicho. Alisafiri na boksi lao mapajani. Alipolifungua uani, kuku wale walisimama mahali pamoja, wamejikunja, shingo zimezama ndani ya manyoya, wakatazama ukungu kama watu walioshushwa kituo ambacho si chao. Bibi aliwazunguka. "Hawa ni kuku au pamba?" akauliza. Nesi akasema ni kuku wa mayai, wanataga kila siku. Bibi akasema kitu kinachotaga kila siku hakina akili.

Jioni hiyo tulikula ugali wa mtama na dagaa jikoni kwa Bibi, sote watatu tumezunguka moto. Kuku weupe tulikuwa tumewaweka kwenye banda la mabanzi lililokuwa stoo ya mahindi, na upepo ulivyovuma tuliwasikia wakilia kwa sauti ndogo.

"Nyangi, unawasikia?" Nesi akaniuliza. "Wanatetemeka kama mimi."

"Kuku hatetemeki," Bibi akasema. "Anajipanga tu."

"Bibi, wewe umezaliwa ndani ya friji hii. Mimi na hawa kuku tumetoka kwenye joto." Akaosha mikono, akanyoosha kidole kama mtu anayeapa. "Nawaambia mnisikie nyote. Kuku hawa wakivuka baridi hii, na mimi nitavuka. Lakini akifa hata mmoja kwa baridi, siku hiyo hiyo naomba uhamisho, narudi Lindi kwa mama yangu."

Alisema akicheka, lakini nilikuwa nimeshamjua. Nesi Somoe aliapa kwa kucheka na alitimiza kwa kununa. Bibi Bhoke hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nami niliitazama sufuria ya dagaa nikaona imeisha, na nikaelewa kwamba kuanzia jioni ile mume wangu alikuwa amekaa juu ya migongo ya kuku weupe.

Kesho yake asubuhi, Nesi alipokwenda kazini, Bibi aliniita. "Tunakandika," akasema. Tulikoroga udongo na samadi mbichi ya ng'ombe tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, halafu tukaanza kuziba banda. Sijawahi kuona mikono kama ile. Bibi alikandika akiongea, akiimba, akimsema mke wa jirani, na vidole vyake vilitafuta tundu vyenyewe. Aliniambia ukuta unaopitisha upepo ni aibu ya mwanamke, si ya mwanaume, kwa sababu mwanaume hana habari upepo unapita wapi. Tulipomaliza, banda lilikuwa limezibwa kutoka chini mpaka kwenye bati, laini kama chungu. Ukiingia na kufunga mlango ulisikia masikio yako yakivuma. Nesi aliporudi alishukuru mpaka akashika mikono ya Bibi yenye samadi, na jioni ile hatukusikia kuku kulia.

Baada ya siku chache nilipofungua asubuhi, tone la maji liliniangukia shingoni. Nikaangalia juu, bati lote lilikuwa linadondosha. Maranda tuliyotandika yalikuwa yamelowa, harufu ilinichoma macho kuliko moshi wa jikoni, na mtetea mmoja akapiga chafya. Mtu ambaye hajasikia kuku akipiga chafya hawezi kujua inavyoumiza moyo, hasa kama una sababu zako. Nilikimbia kumwita Nesi. Alikuja na mswaki mdomoni, akaingiza kichwa, akakitoa haraka. "Astaghfirullah! Humu hata mimi ningeugua. Wanapumua pumzi zao wenyewe." Bibi akaja kasi kutetea ukuta wake. Akasema kama ni hewa, kuku wake walikuwa wanakula moshi na hawajawahi kupiga chafya. Wakabishana pale mlangoni, mmoja na povu la dawa ya meno, mwingine na jembe, na kwa kweli wote wawili walikuwa na haki kiasi, kwa sababu Bibi alipovutwa mkono akaonyeshwa matone kwenye bati, alisema jikoni kwake nyasi za paa zinapitisha. "Basi juu tupafungue," Nesi akasema. "Lakini chini wanapolala usiguse," Bibi akajibu. Tukatoboa mstari chini ya bati kuzunguka banda lote, chini tukaacha kama palivyokandikwa.

Siku hizi vijana wa hapa wananiuliza kwa nini kuku wangu hawaugui mwezi wa saba. Wanakuja na simu, wamekwishaona video za watu wenye theluji mpaka magotini. Mimi nawaambia: chini ziba, juu acha pumzi itoke, na kitu kilicholowa kitoe leo, usikingoje kesho. Wananitazama kama wanangoja la pili. La pili ndilo lile lile. Mengine tuliyajua kwa kufanya tu. Kila asubuhi niligeuza maranda, nikaongeza majani makavu ya mgomba niliyokatakata kwa panga. Pembeni niliweka majivu ya jikoni wajipake wasipate utitiri. Maji yao niliyapasha kidogo, na jioni kabla hawajapanda niliwamwagia punje za mahindi, kwa sababu Nesi alisema tumbo lenye kazi ndilo jiko la kuku. Vilemba vyao tulivipaka mafuta ya mgando. Chafya ziliisha. Wakaanza kutaga, na Nesi aliposhika yai la kwanza lenye joto alilibandika shavuni akafunga macho, kisha akampa Bibi naye abandike.

Nilianza kuhesabu kwamba nimepona. Hapo ndipo Bibi Bhoke alipopika pombe ya kuvunia ulezi.

Ilikuwa desturi, na bado ipo kwa wachache: mtu mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja kuvuna, jioni wanakunywa. Pombe ikichujwa kunabaki machicha, na machicha hayatupwi. Siku hiyo Nesi alikuwa zahanati, mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta kuni. Mvua ya manyunyu ilikuwa inataka kuanza na Bibi akawaona kuku weupe wamejikunja uani. Akawahurumia. Huo ndio ukweli, aliwahurumia. Akawamwagia machicha karai zima.

Niliporudi na mzigo kichwani nilisikia kicheko cha wavunaji tangu njiani. Kuku weupe walikuwa wametapakaa uani. Mmoja alitembea akiinamia upande mmoja kama anayesikiliza ardhi. Wawili walikuwa wamelala kwenye tope miguu juu. Jogoo aliwika, akapiga hatua mbili, akagonga mlango wa choo kwa kifua, akauwikia mlango. Bibi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mura!" alimwambia jogoo, kama anavyoitwa kijana wa Kikurya. "Simama wima, mura! Umekunywa kidogo tu, unatuaibisha!"

"Bibi, umewapa nini?"

"Joto," akasema. "Wazee wakinywa si wanapata joto?"

Nesi Somoe ndipo akatokea kwenye kichochoro, ameshika mwavuli. Akatazama. "Bibi," alisema polepole, "hao wazee wanaopata joto ndio ninaowapokea mimi asubuhi wakiwa wamekauka kwa baridi. Pombe inatoa joto nje, haiweki ndani. Nyangi, lete matenga! Nyie mnaocheka, amkeni mshike kuku!"

Manyunyu yakawa mvua, na jua lilikuwa linaondoka. Tuliwatafuta chini ya migomba, kwenye mashina ya kahawa, nyuma ya choo. Kuku mlevi hakimbii lakini hashikiki, anateleza mkononi kama nguo yenye sabuni. Wavunaji walioanza kwa kucheka waliishia kwa magoti. Mzee mmoja alimleta mtetea ndani ya shati lake akasema huyu amemtapikia, na tangu azaliwe hajawahi kutapikiwa na kuku. Banda lilikuwa mbali na moto, kwa hiyo wote tuliwaingiza jikoni kwa Bibi. Tuliwakausha kwa magunia na vitenge vyake, kila mtu ana kuku mapajani, na Nesi alipita akiwashika chini ya mbawa mmoja mmoja kama anavyowapima watoto homa. Kuku wa kienyeji juu ya kuni walitutazama kwa dharau.

Jogoo mweupe alikuwa mapajani kwangu. Nilimsugua mpaka mikono ikauma. Alikuwa akifungua jicho moja na kulifunga. Kisha hakulifungua. Niliendelea kumsugua mpaka Nesi alipofika kwangu, akaweka mkono wake chini ya bawa, akauacha hapo kwa muda. Halafu akamfunika kichwa kwa pindo la kitenge. Wavunaji waliinuka mmoja baada ya mwingine wakaaga kwa sauti ya msibani.

Tulibaki watatu. Bibi Bhoke alichochea moto usiohitaji kuchochewa. Mwishowe akasema, "Nesi. Huyu hakufa kwa baridi."

Nesi alikuwa anakamua pindo la sare yake.

"Wewe ulisema kwa baridi. Huyu amekufa kwa ulevi. Ni msiba tofauti."

"Bibi, amekufa amelowa."

"Mlevi akizama mtoni utasema ameuawa na maji?"

Nikaona mdomo wa Nesi unapigana na kitu. Lakini alisimama, akasema kuku wote wafungiwe siku tatu wale nafaka safi na maji safi, ndipo mayai yao yataliwa nyumbani kwake, maana yeye ni Mwislamu na mambo haya ya pombe yametosha. Akaingia kulala bila chupa za moto. Asubuhi alikwenda kazini hajasema neno kuhusu uhamisho, la kwenda wala la kukaa. Na siku zilizofuata hakusema. Mimi nilipika, nikafua, nikageuza maranda. Kila alipofungua mkoba wake nilitazama pembeni. Leo ni mtu mzima na ninajua ningeweza kumuuliza, lakini msichana aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi hakumuuliza mkubwa wake atakaa au ataondoka. Alingoja aambiwe.

Kwa siku zile tatu za kufungiwa, kuku weupe walikaa jikoni kwa Bibi, na jogoo wake mwekundu, aliyekuwa mzee na mwenye kucha zilizopinda, alishuka kutoka kwenye kuni akawakaribisha. Waliporudi bandani kwao, naye alihamia huko bila kuitwa. Bibi alikuwa akimwita jioni arudi nyumbani, naye anageuza shingo. Mwezi wa nane ulipita na upepo wake. Hakufa mwingine. Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa tisa niliamka nikaona kivuli changu ukutani, na kuku wamejilaza uani ubavu, bawa moja limefunguliwa juani kama mkeka.

Jumamosi hiyo Nesi hakwenda kazini. Alivua sweta, akalikung'uta, akalianika kwenye kamba, nikawaza labda analikausha kwa safari. Kisha akatoka na bakuli lenye mayai, akaenda nalo moja kwa moja mpaka kwa Bibi Bhoke aliyekuwa anapepeta ulezi.

"Bibi, shikamoo. Naomba kuku wako mweusi anayetaka kuatamia. Hawa wangu hawajui kulalia."

Bibi aliacha kupepeta. Akayatazama mayai, akanitazama mimi, akaweka ungo chini. Mtu akilaza kuku anangoja wiki tatu, kisha vifaranga navyo havihamishwi. Hata mimi nililijua hilo.

"Mayai haya ni ya jogoo wangu," Bibi akasema.

"Ni ya mitetea wangu."

"Watoto ni wa upande wa mume. Uliza Nyarero nzima. Vifaranga ni vyangu."

"Upande wa mume!" Nesi akapiga makofi. "Huyo jogoo wako mwenye kucha zilizopinda ametoa mahari gani? Amekuja mwenyewe, kala mahindi yangu, kalala kwangu. Nani alikuja kuzungumza?"

Bibi alicheka mpaka akashikilia mlango. Akasema basi atatuma watu waje wazungumze.

"Wasije," Nesi akasema, na hapo hakuwa anamtazama Bibi. "Kwangu hapa mwaka huu haolewi kuku wala mtu. Mwaka kesho tutaona." Kama Bibi alimwambia habari ya sharti la baba, au aliona mwenyewe, sijui. Sikumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Akanikabidhi bakuli. "Nyangi, usisimame hivyo, yatapoa. Lete majani makavu."

Nikaenda kuleta majani.